Anga la Upande wa Kulia

Mate yangu yameandikwa nyuma ya picha moja ya bahari ya Aktiki, kwa wino, pamoja na jina langu, na leo sioni haya kuanza kwa kujisifu. Kwa miaka mingi nilijizuia. Nilipoulizwa kwenye harusi na misiba ya Watanzania wa hapa Toronto nafanya kazi gani, nilijibu kwamba nasafisha picha za kale, na watu wakadhani napangusa vumbi kwenye makumbusho. Nikawaacha wadhani hivyo hivyo, chakula kisipoe. Lakini mwezi uliopita Anti Filo alinipigia simu kutoka Markham, anakoishi na mwanawe, akasema bila hata salamu, "Mwanaidi, mzee wetu amekwenda." Hakuhitaji kutaja jina. Sisi wawili tulikuwa na mzee mmoja tu wa kuitwa hivyo, Bwana Duncan, mwenye karakana ya Downsview, aliyenifundisha kazi, na ambaye kwa mwaka mzima wa kwanza sikujua kama ananipenda au ananivumilia. Anti Filo alilia kidogo, akapenga kamasi, kisha akauliza swali lililonikalisha chini kuandika. "Hivi lile anga lako bado lipo?"

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sanaa na kemia, na Bwana Duncan alikubali kunichukua kwa mwaka mmoja, baada ya hapo angeamua kama nibaki au niende. Alinieleza hivyo siku ya kwanza, wima, mikono mfukoni, bila kunipa kiti. Karakana yake ilikuwa na vyumba viwili tu. Kimoja kilikuwa kikubwa, chenye dirisha refu linalotazama kaskazini kwa sababu mwanga wa huko haubadilikibadiliki, na ndani yake walifanya kazi mafundi wanne na yeye. Kingine kilikuwa jiko, na ndani ya jiko, kati ya friji na kabati la faili, ndipo ilipokuwa meza ya karani. Karani huyo ndiye Anti Filo, Mgoa aliyezaliwa Tanga, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, aliyenitazama kutoka juu hadi chini siku ile akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Umetoka Bongo wewe, na hilo koti ndilo umekuja nalo? Utakufa." Nilitaka kumkumbatia. Jirani yetu upande wa kushoto alikuwa ghala la matairi na upande wa kulia kiwanda cha mikate, kwa hiyo asubuhi tulinusa mkate na mchana tulinusa mpira, na upepo ulipogeuka tulinusa vyote viwili.

Miezi mitatu ya kwanza sikugusa picha. Kazi yangu ilikuwa kuviringisha pamba kwenye ncha za vijiti vya mishikaki, mamia kwa mamia, mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo Bwana Duncan aliponifunulia kwamba pamba ile hulowanishwa kwa mate. Nilidhani ananifanyia mzaha kama wanavyofanyiwa wageni wa kazi. Akaeleza kwa utulivu kwamba mate ya binadamu yana joto na yana vitu vya kuyeyushia chakula, na vitu hivyo hivyo huondoa masizi na mafuta juu ya rangi bila kuiunguza kama dawa za chupani. Nilikwenda jikoni kumwuliza Anti Filo, ambaye alikuwa anapiga barua kwa mashine. "Si mzaha," alisema bila kuinua macho. "Miaka kumi na minne naandikia watu waungwana barua za heshima, na nyuma yangu wanatemewa picha zao." Kanuni ilikuwa moja: kijiti kinaingia kinywani mara moja, kinapita juu ya picha mara moja, hakirudi kinywani tena. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani. Lakini mafundi wa siku nyingi walikuwa wameizoea mpaka hawaioni tena, na Bwana Duncan mwenyewe alikuwa na tabia ya kutumia kijiti kimoja mpaka kiwe cheusi kama mkaa, ndipo akitupe kwenye chupa kubwa ya kioo miguuni pake, kilikorundikana pamoja na vingine vya wiki mbili tatu.

Picha ililetwa mwanzoni mwa Desemba, ikiwa imevikwa blanketi. Nilipoiona mara ya kwanza nilisikitika. Ilikuwa ndefu kama mlango uliolazwa, na ilichorwa karne ya kumi na tisa na mtu asiyejulikana sana. Chini palikuwa na bahari nyeusi iliyopasuka vipande vya barafu, katikati milima miwili ya barafu, na kati ya milima hiyo meli ya milingoti mitatu, ndogo kama kucha ya mtoto, imenasa. Juu ya vyote palikuwa na anga la kijivu, zito, chafu, kama maji ya kusuuzia vyombo. Bwana Duncan alituita tukasimama mbele yake. Alituambia kwamba zama zile meli zilikuwa zinapelekwa kaskazini kutafuta njia, nyingine hazikurudi, na watu wa miji yenye moshi walizipenda habari hizo kiasi cha kutaka kuitundika barafu juu ya meko yao. Wachoraji wakawachorea. Wachache walikwenda na kuiona. Wengi walikaa ndani, blanketi magotini, wakachora barafu kwa kuangalia michoro ya wenzao. "Na huyu," alisema akiigonga hewa mbele ya lile anga kwa kidole, "hakuwahi kuvuka hata mto. Tazama kijivu hiki. Huu ni woga wa mtu aliyekaa nyumbani." Alikuwa na sauti ya kusomesha, na alikuwa ameshaliandika jambo hilo kwenye rasimu ya maelezo ambayo Anti Filo angeyapiga chapa. Wenye picha walikuwa wanaitaka kwa maonyesho ya majira ya kuchipua.

Alianza mwenyewe, upande wa kushoto wa anga. Mgongo ukamshinda wiki ya pili, akanikabidhi upande wa kulia. Wale mafundi wengine walitazamana. Mimi nilikwenda chooni nikacheka peke yangu mbele ya kioo, kisha nikarudi na uso wa kazi. Siku tatu baadaye mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Hapo ndipo pana jambo ambalo mtu asiye wa kazi hii wala wa dini hii hatalipata kwa urahisi, basi nalieleza polepole. Mate ya mtu aliyefunga hayabatilishi saumu yakiwa ndani ya kinywa chake. Lakini mate yaliyokwisha kutoka nje, yakirudi na kumezwa, hayo ni habari nyingine, tena na masizi ya miaka mia juu yake. Nilikwenda kumwuliza sheikh aliyekuwa akitusomea kwenye ukumbi wa chini wa jengo moja la Don Mills. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akavua miwani. "Binti yangu, nimeulizwa kuhusu sindano, nimeulizwa kuhusu dawa ya meno. Kutemea meli sijapata kuulizwa." Kisha akawa makini. Akasema nifanye kazi yangu, ila kijiti kikishatoka kisirudi kinywani hata mara moja. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo kanuni iliyobandikwa ukutani kwetu. "Basi waliobandika wana akili," akasema.

Nilijiogopa mwenyewe. Mchana wa saa tisa, kiu imekaza na mkate wa jirani unanukia, mkono unaweza kurudisha kijiti kinywani bila akili kujua. Kwa hiyo niliazima jikoni sinia jeupe la bati ambalo Anti Filo alikuwa akiandalia biskuti za wageni, nikaliweka kando yangu, na kila kijiti kilichotumika nikakilaza juu yake, kimoja kimoja, kwa safu, kwa mpangilio ule ule niliokuwa nikishuka nao kwenye anga. Safu ya kwanza ya sinia ilikuwa safu ya kwanza ya picha. Fundi mmoja alinipitia akauliza kama napanga mishikaki ya futari. Nilimwambia ndiyo, na yeye hakualikwa.

Tatizo lilikuwa midomo. Toronto ya Desemba hukausha hata mbao za mlango, na mtu anayefunga, anayetoa mate siku nzima, tena haruhusiwi kupaka Vaseline kwa sababu mafuta yatahamia kwenye pamba na pamba itayahamishia kwenye picha, mtu huyo midomo yake hupasuka. Yangu ilipasuka, ikatoa damu. Basi Alhamisi moja alasiri, nikiwa nimeshuka karibu na pale anga linapokutana na barafu, kijiti kikatoka na rangi ya waridi. Nikatazama. Nikachukua kingine. Waridi. Nilipofika cha kumi na moja nikauacha mkono ushuke.

Nilimwita Bwana Duncan. Alikuja, akatazama kijiti, akatazama midomo yangu. "Ni damu yako," alisema, tena kwa huruma. "Hili anga ni la kijivu, Mwanaidi. Hakuna waridi hapa. Kama kufunga kunakuzidi, sema. Nitamaliza mimi, nawe urudi kwenye pamba mpaka mwezi uishe. Hakuna aibu." Nilielewa vizuri nilichokuwa nimeshika. Kama ile ilikuwa damu, basi nilikuwa msichana aliyeogopa kazi akasingizia picha. Kama haikuwa damu, basi ilikuwa rangi ya mchoraji inayotoka, na kila kijiti kinachofuata kingefuta anga ambalo hakuna mtu duniani angeweza kulirudisha. Nikasema nitaendelea kesho. Huo ndio ujasiri wote niliokuwa nao siku ile.

Magharibi ilikuwa inaingia saa kumi na moja kasoro robo, kabla hata ya saa za kazi kwisha, kwa hiyo futuru yangu ilikuwa jikoni, kwenye meza ya Anti Filo, baada ya yeye kusogeza mashine yake. Kila siku alinitengea tende tatu kwenye kisahani, chai ya tangawizi, na sambusa alizokaanga nyumbani akazifunga kwenye taulo. Alikuwa akisema kwamba wakati wa Kwaresima yeye huacha chai ya maziwa tu na bado humshinda, kwa hiyo kunilisha mimi kulimpunguzia dhambi. Siku ile hakutania. Alikuwa amesikia yote. Jikoni na karakana vilitenganishwa na mlango usiofungika vizuri. Alingoja nimalize tende, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Ukimwambia amekosea, watasema saumu imekushinda. Na yule ndiye atakayeamua ubaki au uende."

"Najua, Anti."

"Na usipomwambia?"

Akanisogezea sambusa nyingine, akaanza kunieleza habari za shangazi yake wa Tanga aliyekuwa akitia pilipili nyingi mno.

Asubuhi yake nilisimama kituoni kungoja basi, baridi ikiwa ya kuumiza meno. Jua lilikuwa bado halijatoka. Juu ya mapaa ya maghala, pale chini kabisa ambapo anga hukutana na theluji, palikuwa na ukanda wa waridi, mpole, mrefu, na juu yake bluu nyepesi. Nilikuwa nimeuona karibu kila asubuhi ya jua mwezi ule, nikiwa nawaza miguu yangu tu. Siku ile niliutazama sawasawa. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili, na mama mmoja kituoni akageuka, "Kumbe huyu mchoraji alikwenda!"

Nilifika kabla ya wengine, nikalichukua sinia langu, nikalibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka chakula kwa wageni, nikaliweka mbele ya Bwana Duncan kabla hajavua kofia. Maneno nilikuwa nimeyapanga ndani ya basi. Nikamwonyesha safu ya kwanza, kijivu. Ya pili, kijivu. Ya tatu mpaka ya sita, kijivu. Ya saba, vijiti kumi na kimoja, waridi. Kisha nikamwonyesha vijiti vya barafu ya pembeni, nilivyovitumia Alhamisi ile ile asubuhi, midomo ikiwa imepasuka vile vile: kijivu kitupu. "Bwana Duncan," nilimwambia, "midomo yangu haijui iko sehemu gani ya picha. Kama ni damu, ingekuwa kila mahali."

Alivua kofia, akavaa miwani yenye lenzi za kukuzia, akainama juu ya sinia. Kisha akaivuta ile chupa ya kioo iliyokuwa miguuni pake, akaimimina yote mezani juu ya karatasi nyeupe. Vijiti vyake vya wiki mbili vilianguka vimechanganyika, vyeusi tii. Akachukua kibanio, akaanza kufumua pamba ya kimoja, tabaka baada ya tabaka. Juu masizi. Ndani, chini ya masizi, waridi. Akafumua cha pili. Akafumua cha tatu. Wakati huo mafundi wote walikuwa wameshaingia na makoti yao, na Anti Filo amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Mwishowe Bwana Duncan alichukua kisu chembamba, akakwangua taratibu utepe wa karatasi ya kahawia ambao mtu wa zamani aliubandika kuizunguka picha pembeni, mahali ambapo fremu hufunika na mwanga haufiki. Chini ya utepe, kwenye ukingo wa kushoto aliousafisha yeye, pale anga linapokutana na barafu, palikuwa na waridi nzima, mbichi, kama ndani ya pera.

Alitoka nje bila koti. Anti Filo alimfuata nalo, akamkuta, aliniambia baadaye, amesimama karibu na matairi akitazama juu. Aliporudi alituambia sote, kwa sauti ile ile ya kusomesha, "Mtu huyu alikuwepo. Aliona, na aliona uzuri. Nami nimefuta nusu." Akamwomba Anti Filo aichane rasimu ya maelezo. Sehemu iliyobaki tuliisafisha kikavu, kwa sababu waridi ile ilikuwa nyembamba mno hata kwa mate, yeye na mimi, kwa vipande vidogo vya sponji laini, wiki tatu bega kwa bega, na waridi ikajitokeza upande wa kulia polepole, mpaka barafu nayo ikaonekana imepata joto kidogo kwenye mabega yake. Wenye picha walimsihi apake rangi upande wa kushoto ili pande mbili zifanane. Alikataa. Alisema hawezi kuchora anga ambalo hakuliona. Mimi nami nina doa langu. Ukijua pa kutazama utaona mahali, karibu na mlingoti wa tatu, palipopauka kidogo. Vile vijiti kumi na kimoja ni vyangu, sivikani.

Mwaka ulipokwisha, Septemba, nilingoja aniite aniambie. Hakuniita. Jumatatu moja nilimkuta amenunua masinia sita meupe ya bati, moja kwa kila meza, na ile chupa ya kioo imetiwa maua jikoni. Alitangaza kwamba kuanzia siku ile kila mtu atalaza vijiti kwa safu, kwa mpangilio wa picha, kama anavyofanya Mwanaidi. Sinia la sita lilikuwa juu ya meza mpya, kando ya dirisha. Ndivyo nilivyojua kwamba nabaki. Karakana ile leo naiongoza mimi, na anayeanza kazi kwangu, awe anafunga au hafungi, hupewa sinia kabla ya kupewa pamba.

Baada ya mazishi, binti yake Bwana Duncan alinipa karatasi aliyoikuta kwenye makabrasha ya baba yake, nakala ya lebo aliyoibandika kwa mkono wake nyuma ya picha kabla ya kuirudisha kwa wenyewe. Sikuwahi kuiona, aliibandika nikiwa nimetoka. Inasema: "Anga, upande wa kushoto: nimelifuta mimi, kwa kutotazama. Anga, upande wa kulia: limeokolewa na Mwanaidi, kwa mate yake na kwa macho yake." Niliisoma ndani ya gari, mbele ya kanisa, nikalia kwa furaha na kwa hasira pia, kwamba miaka yote ile alishindwa kuniambia kwa mdomo wake.

Jumapili nilimchukua binti yangu Zuhura tukaenda kuiona. Siku hizi picha imo katika jumba la sanaa la mjini, kwenye chumba cha ndani. Zuhura anaelewa Kiswahili chote ila hujibu anavyotaka yeye, na njia nzima alikuwa akilalamika, "Mama, it's just ice." Nilisogea karibu mpaka nikaona nyuzi za turubai. Waridi ilikuwepo. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akaja haraka akaniomba nirudi nyuma, akanieleza kwamba hata pumzi ya mtu inaweza kuidhuru picha. Nilimwambia kwamba anga lile nililitemea mate zamani, tena nikiwa nimefunga Ramadhani, na nyuma yake pameandikwa hivyo. Alitabasamu kama watu wanavyowatabasamia wazee. "Mwambie aigeuze tuone," nilimwambia Zuhura, kwa utani. Mlinzi akasema haiwezekani, na nikakubali, kwa sababu hata mimi nisingeruhusu. Nikarudi nyuma hatua moja nilivyoombwa, nikageuka kumtafuta mwanangu tuondoke. Hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa picha, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, shavu limegusa ukuta na jicho moja limefumbwa, anachungulia nyuma ya fremu. "Mama," alisema, bila kuondoa shavu, "jina lako liko upande gani?"